Mwalimu Sanne Kahamia Chini

Kule Kantang, kusini mwa Thailand, reli inapokomea, mkabala na stesheni, Kaka Tiang alikuwa na meza mbili za marumaru na benchi moja refu lililong'arishwa na makalio ya wateja walewale. Asubuhi hiyo alichuja kahawa kwa mfuko wake wa kitambaa kama kawaida, akamimina maziwa ya kopo chini ya glasi kama kawaida, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara. Duka la kushonea la Shangazi Malai lilikuwa limefunguliwa mlango mmoja tu, na cherehani haikusikika. Kaka Tiang alikua na yule mama mtaa mmoja. Alijua cherehani ile ikinyamaza, mwenyewe ana jambo linalomsumbua.

Alijua na sababu. Mwalimu Sanne, binti wa Kiholanzi aliyekuja kufundisha shuleni kwa kujitolea, alikuwa amepewa chumba cha ghorofani, kile cha binti wa Shangazi aliyeolewa Bangkok. Shuka mpya, chandarua kipya. Sasa usiku wa tatu huo Mwalimu anashuka kimyakimya na kulala dukani, kwenye mkeka, katikati ya majora ya vitambaa. Shangazi hakumuuliza. Kumuuliza mgeni kwa nini amekikataa kitanda chako ni kumtia aibu, na aibu ya mgeni ni ya mwenyeji. Alikuja alfajiri kumnong'oneza Kaka Tiang. Kaka Tiang akamnong'oneza Chura, basi siri ikawa ya benchi zima.

— Mzimu huo, alisema Chura, mlinzi wa treni mstaafu mwenye macho yaliyomtoka kama ya jina lake. Nyumba ya mbao, ya zamani, ikose mzimu?

— Shangazi kalala mle maisha yake yote, alisema Kaka Tiang. Mzimu gani unaomchagua Mholanzi?

— Mzimu unapenda kitu kipya. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo haisemi hivyo.

— Inasema mgeni kaja, mwenyeji kapona. Malai mzima, mgeni anahangaika. Unataka iseme nini tena?

Kibonge, mgema wa miti ya mpira aliyetoka shambani na harufu ya utomvu mikononi, alikuwa akichovya andazi kwenye kahawa. Alimeza kwanza.

— Nyie hamjui jografia. Kwao Uholanzi ardhi iko chini ya bahari. Watu wanazaliwa chini, wanakula chini, wanalala chini. Ukimpandisha ghorofani kichwa kinamzunguka.

— Si amekuja kwa ndege yule? Kaka Tiang aliuliza.

— Ndiyo maana alifika amepauka.

— Miezi miwili kalala juu bila kuzunguka kichwa.

— Maradhi yanajikusanya, Kaka. Haba na haba.

Chura alicheka mpaka kahawa ikampalia. Kisha akapunguza sauti, kama mtu aliyekuwa akihifadhi neno lake zuri.

— Au kuna kijana. Mtu akilala karibu na mlango, ana wa kumfungulia.

— Koma, alisema Kaka Tiang.

Alisema polepole, lakini kwa namna ambayo Chura aliitazama glasi yake. Neno la namna hiyo likivuka barabara, Shangazi Malai angelifunga duka lote. Tangu bintiye aondoke, alikuwa akila wali peke yake mbele ya redio. Alipoletewa Mwalimu, alirudi kupika vyakula vya watu wawili, na mtaa mzima ulisikia akimfundisha kutamka "samaki" mpaka usiku.

— Nilikuwa natania, alisema Chura.

— Najua. Ndiyo maana nimekwambia mapema.

Kibonge alifungua kinywa atoe nadharia nyingine, ya nge. Hapo saa mbili ikagonga na wimbo wa taifa ukatoka kwenye spika ya stesheni. Wote watatu wakasimama, Kibonge na andazi lake mkononi. Muuza nyama ya kuchoma akaweka kisu chini. Ng'ambo, Mwalimu Sanne, aliyekuwa anatoka na baiskeli, naye akasimama wima, mkono mmoja kwenye usukani, nywele zake za manjano zikipepea peke yazo barabara nzima. Wiki yake ya kwanza aliwahi kupita akikanyaga pedali katikati ya watu waliosimama, na alipogundua alikaribia kulia. Wimbo ulipokwisha, kisu kikarudi kwenye nyama.

— Nge, alisema Kibonge, akikaa.

Lakini Mwalimu Sanne alikuwa anavuka kuja kwao, na nyuma yake Shangazi Malai, ameshika kibeba-chakula cha bati ambacho Mwalimu alikisahau. Benchi likanyamaza ghafla, kimya cha watu waliokuwa wakikusengenya. Mwalimu aliunganisha viganja, akainamisha kichwa kwa kila mmoja, kuanzia kwa mkubwa.

Kaka Tiang alimtazama Shangazi, akaona macho yaliyovimba. Akaamua aibu hiyo aibebe yeye.

— Mwalimu, samahani ya mzee. Kitanda cha juu kina tatizo gani?

Mwalimu akawa mwekundu mpaka masikioni.

— Hakina tatizo. Kitanda ni kizuri sana. Tatizo ni miguu yangu.

— Inauma?

— Hapana. Alitafuta maneno, Kithai chake bado kikipanda na kushuka pasipo pake. Wanafunzi waliniambia mguu ni kitu cha chini, usiunyooshe kwenye picha ya Mfalme. Nikarudi nyumbani, nikatazama. Picha iko ukutani dukani. Kitanda changu kiko juu yake kabisa. Usiku kucha miguu yangu iko juu ya kichwa chake. Sikutaka Shangazi aone kwamba nilikosa adabu nyumbani kwake.

Shangazi Malai aliketi kwenye benchi bila kukaribishwa.

— Mwanangu, alisema. Mimi nilidhani umetuchoka.

Mwalimu alimsogelea, akachuchumaa ili asimzidi kimo. Kisha akauliza, kwa upole wa mtu anayetaka kujua kweli:

— Lakini Shangazi, na wewe unalala ghorofani. Wewe unafanyaje?

Shangazi alimtazama Kaka Tiang. Kaka Tiang alimtazama Chura, na Chura, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu alipostaafu, akamtazama Kibonge.

— Mama yangu ndiye aliyeitundika, Shangazi alisema mwishowe. Akaniambia niifute vumbi kila asubuhi. La miguu hakuniambia. Nami sikuuliza.

— Basi ipande juu, alisema Kaka Tiang. Juu ya vitanda vyote.

Walivuka wote. Kibonge alinawa mikono mara mbili kwa sababu ya utomvu, wakavua viatu, wakaunganisha viganja na kuomba radhi kabla ya kuigusa. Kwenye ngazi wakakwama: atakayetangulia, miguu yake itakuwa juu ya picha. Wakabishana kwa kunong'ona. Mwisho Kibonge akatangulia peke yake, ameiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, wengine wakisubiri chini mpaka aliposema imefika.

Kaka Tiang aligeuka amwambie Shangazi jambo, akamkuta amesimama mbele ya ukuta. Mahali picha ilipokuwa pamebaki mraba wa rangi ya kijani, kijani kibichi cha jani la mgomba, katikati ya mbao zilizogeuka kijivu.

— Nilisahau, alisema. Duka lilikuwa kijani. Mama alilipaka mwenyewe, mimi nikimshikia kopo.

Mwalimu Sanne alisogea, akasimama naye bega kwa bega.

— Nitakuletea kalenda upazibe, alisema Chura kutoka mlangoni.

— Pasizibwe, alisema Shangazi Malai. Akavuta kiti chake, akakigeuza kikaelekea ukuta ule, akakanyaga cherehani.

Kaka Tiang aliporudi kijiweni, sufuria ilikuwa imechemka mpaka ikakauka, na wateja wawili wapya walikuwa wamekaa wanangoja. Aliwaambia leo kahawa imekwisha, waje kesho.