Nusu Saa ya Salamu: Risala ya Akina Mama wa Garsen kuhusu Redio ya Ghalani

Mgeni rasmi, Bwana Mratibu wa Shirika. Wazee, viongozi wa dini, ndugu wananchi.

Jirani yetu, Mzee Kotile, aliwahi kutuuliza: "Nyinyi akina mama, mtu hujamwona hata kisigino, utampaje samli ya watoto wako?" Swali hilo tutalijibu leo mbele yako. Lakini tuanze na salamu. Hujambo? Wa nyumbani hawajambo? Njia ilikuwaje? Mvua mmeiona huko mlikotoka? Wazee wako wana afya? Tunasema alhamdulillahi, na wenzetu Wakristo wanasema Bwana asifiwe, kwa kukufikisha salama kuja kutufungulia ghala jipya.

Salamu hizi ni ndefu, tunajua. Utaona mbele kwa nini hatukuzikata.

TULIVYOANZA

Sisi ni akina mama thelathini na mmoja. Wengine tunatoka kwa wafugaji, tunasindika samli. Wengine tunatoka mashamba ya mtoni, tunasuka mikeka. Tulijiunga mwaka wa 1996, tukawa tunauza hapa hapa sokoni, kila mmoja akimuuzia mwenzake alicho nacho.

Yakaja mafuriko ya Elnino. Barabara ikaliwa pande zote. Shirika lako likaleta chakula cha msaada, na likaweka redio ya kuitana katika chumba kidogo cha ghala, yenye betri ya gari na waya mrefu juu ya mti. Kazi za ofisi zilipokwisha asubuhi, nusu saa iliyobaki, kuanzia saa nne, iliachiwa raia wapeleke habari za wagonjwa na misiba. Tunashukuru kwa hilo mpaka leo.

Mwenyekiti wetu, Bi Abdia, ndiye tuliyemtuma, kwa sababu ni mjane asiyekuwa na wa kumuuliza umekwenda wapi, na ana sauti isiyopaa. Siku ya kwanza aliogopa. Komora, kijana wenu wa mitambo, alimwekea maiki mkononi akamwambia, "Mama, bonyeza hapa, sema, ukimaliza useme ova, uachie." Bi Abdia akauliza, "Nani ananisikia?" Komora akasema, "Wote. Kipini, Hola, Bura, Golbanti, Malindi." Alituambia baadaye kwamba alijiona kama mtu aliyeingia nyumba yenye watu gizani. Akafanya analofanya mtu akiingia nyumba ya watu. Akasalimu.

Miezi miwili hakuuza kitu. Sisi wenyewe tulinung'unika. "Abdia, unakwenda kule kuongea tu?" Yeye alinunua daftari akaandika: Kipini ni Mwanaarusi, mama yake anaumwa mguu. Bura ni Mwalimu Jaldesa, mke ni mjamzito. Kesho yake akiingia hewani anauliza, mguu umepoa? Mke amejifungua? Habari ikija ya mtu wa hapa, aliifikisha mwenyewe, hata kwa kuvuka maji ya kiunoni. Kisha alirudi hewani kusema, "Imefika, ova."

TULIYOYAPATA

Mwezi wa tatu, Mwanaarusi ndiye aliyeuliza: "Abdia, huko kwenu hakuna samli? Ova." Hivyo ndivyo biashara yetu ilivyoanza, Mgeni rasmi. Hatukujitangaza, tuliulizwa.

Mwanaarusi akatupatia maduka ya Lamu. Mwalimu Jaldesa akawapatia wakulima wa Bura mikeka yetu. Guled, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye ana redio kwenye lori lake, akaanza kubeba madebe yetu mpaka Malindi, na uso wa Bi Abdia hajauona. Wiki moja samli ilizidi moshi kwa sababu ya vibuyu vipya vilivyofukizwa. Bi Abdia akasema hewani, "Hii inanukia moshi, asiyeupenda asubiri ya wiki ijayo." Ilikwisha yote siku hiyo.

Watu wakawa hawaanzi safari bila kuuliza, "Abdia amesema nini kuhusu njia?" Na ng'ombe walipoingia shamba la mpunga karibu na Golbanti, mwenye ng'ombe na mwenye shamba walisikilizana hewani, kila mtu anasikia, Bi Abdia akiwapa zamu ya kusema. Hakuna aliyeinua fimbo.

YALIYOTUKUTA

Mwezi wa Aprili mwaka huu wa 1999, karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha redio. Ilisema kila raia ana dakika mbili, aseme la maana tu, maongezi yamekatazwa. Tuliielewa. Betri ni yenu na kazi zenu ni nyingi.

Bi Abdia ni mtu wa kutii. Jumanne ile alikaa nje akifanya mazoezi ya kufupisha, kama mtoto wa shule. Saa nne akabonyeza: "Kipini, hapa Garsen. Samli madebe sita, mikeka ishirini. Gari lije Alhamisi. Ova."

Komora akamwinulia kidole gumba. Hata dakika moja haikufika.

Kisha Mwanaarusi akasema, "Abdia, u mzima? Ova."

Bi Abdia akaiangalia saa ya ukutani, akaona dakika ya pili inakwenda. "Madebe sita. Alhamisi. Ova." Akaachia maiki, akaenda zake sokoni akiwa na furaha kwamba amefuata sheria.

Mgeni rasmi, kwetu mtu hasemi bila kusalimu ila kwa mambo mawili: ana maiti ndani, au ana bunduki mgongoni. Na wewe unajua majambazi walivyokuwa njiani mwaka huu. Kipini wakaamini Garsen imevamiwa, na Bi Abdia analazimishwa kuita gari ili litekwe. Wakaambia Hola, na Hola wakaambia polisi. Guled alikuwa karibu kufika na ng'ombe arobaini, akageuza lori. Soko la Jumatano likafa.

Askari walifika kwa fujo wakamkuta Bi Abdia uani kwake anachuja samli.

"Mama, majambazi wako wapi?"

"Majambazi gani, mwanangu? Kwanza hamjambo?"

Tulicheka siku ile. Wiki iliyofuata ikaja barua ya ofisi kwamba kikundi chetu kimeeneza hofu kwa wananchi, na chumba kikafungwa kwa raia wote. Jina la Bi Abdia limo katika barua hiyo, mstari wa pili.

Tangu hapo samli inakaa majumbani. Watu wanakuja kwa miguu kwa Bi Abdia kuuliza njia, naye anawaambia, "Mimi siku hizi ni kiziwi kama nyinyi." Na Mzee Kotile hajauliza tena lile swali. Watu ambao hawajawahi kumwona Abdia walijua kwa maneno machache tu kwamba hayuko sawa. Jibu alilipata hapo.

TUNAYOOMBA

Tunaomba nusu saa yetu irudishwe. Tuko tayari kununua betri, na kufagia chumba kila siku.

Dakika mbili zibaki, hatuzikatai, ila zihesabiwe baada ya salamu.

Tena tunaomba jina la Bi Abdia liondolewe katika barua ile. Yeye ni mtu wa swala tano, na hajawahi kuitwa mwongo na mtu yeyote mpaka alipoitwa na karatasi. Hakututuma kuliomba hili. Amekaa mstari wa nyuma, na hakutaka lisomwe.

Mwenyezi Mungu akuzidishie umri na afya, akurudishe kwa watu wako njia ikiwa kavu na nyumba ikiwa na amani.

Tunamalizia na siku ile ya mwisho, kwa sababu wewe ulikuwepo, lakini wananchi hawa hawakuwepo. Kabla chumba hakijafungwa, ulimwita Bi Abdia aombe radhi hewani. Ulivua saa yako ukaishika mkononi, ukamwambia, "Mama, dakika mbili."

Akabonyeza. "Kipini, Mwanaarusi, hujambo? Mguu wa mama je? Ova." Akajibiwa. "Bura, Mwalimu, mtoto ameota meno? Ova." Akajibiwa. "Golbanti, mpunga umesimama? Hola, mmeamkaje? Guled, ng'ombe wamepata maji? Ova." Wakajibu wote, na wengine walikuwa wakilia. Ukasema, "Muda umekwisha."

Bi Abdia akaiweka maiki mezani taratibu, akafunga mtandio wake, akakupa mkono wewe, akampa mkono Komora, akatoka.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama cha Samli na Mikeka, Garsen