Rabson Mwaisumo na Bendi Yake ya Mita Ishirini, 1960–2024

Rabson Mwaisumo alizaliwa tarehe 9 Mei 1960, kijijini nje ya Tukuyu, Mkoa wa Mbeya, mtoto wa tatu wa marehemu Anyelwisye na Damari. Mama yake alikuwa akisema alianza kutembea kabla hajajua kukaa, na tangu hapo hakuna aliyefanikiwa kumketisha.

Alisoma shule ya msingi Tukuyu na sekondari Iringa. Huko alifungua redio ya mwalimu ili aone sauti inatoka wapi. Aliirudisha nzima, lakini mwalimu hakuiamini tena redio ile.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa fundi wa mawasiliano relini, Mbeya, hadi alipostaafu 2020. Kazini ndiko alikopata ugonjwa wa redio ya ridhaa: kuzungumza kwa mawimbi mafupi na watu wa mbali asiowajua, kwa leseni, kwa raha tu. Mashine yake ilikuwa ya wati tano, pungufu ya taa ya sebuleni. Wenzake walipomwambia aongeze nguvu alikasirika. "Ukipiga kelele hata kiziwi atakusikia. Raha yake iko wapi?"

Bendi yake, yaani masafa aliyozoea kuitia, ilikuwa mita ishirini. Radi ilipoua ng'ombe wa jirani kule Uyole alikoishi, watu walisema waya wa antena alioufunga kwenye mparachichi ndio ulioiita. Aliufungua, akahamia Mbalizi, kisha Ubaruku, kisha Mbeya tena, na waya wake begani.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na Veneranda Mhongole wa Ilula, Iringa. Mwaka 2012 Veneranda alirudi kwao kulima nyanya. Rabson aliahidi kumfuata akistaafu. Alistaafu, hakumfuata. Basi mama yetu akajifunza redio, akapata leseni yake kwa hasira. "Kama anaongea na Brazili, ataongea na mimi!"

Aliita kila mchana, akapata kimya. Mita ishirini huruka juu; hufika ng'ambo na kuipita Ilula. Mita arobaini, masafa ya chini zaidi, ndiyo hufika karibu. Akampigia simu.

"Baba Eveline, shuka mita arobaini. Mimi niko karibu."

"Huko kuna kelele, Mama Eveline."

Jibu hilo lilimuuma sana, na hakulificha.

Machi 2024 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alilazwa Mbeya, akaruhusiwa, akalazwa tena. Jumapili moja ya Agosti, akiwa nyumbani kwake, alishuka mita arobaini.

"Veneranda, unanipata?"

"Nakupata vizuri. Unakuja lini?"

"Kesho."

Na kweli kesho yake alishuka kwenye basi hapa Ilula, amechoka, amekumbatia mashine yake. Waliishi pamoja hadi tarehe 2 Novemba 2024, alipofariki nyumbani, mkewe akiwa kando yake.

Kaka yake, mzee Andendekisye, alifika kumchukua akazikwe kwa baba yao, Tukuyu, kama ilivyo desturi. Ndugu wakaanza kubishana juu ya gari. Veneranda akasimama.

"Shemeji, miaka yote hiyo nilimwita, sikumburuta. Alikuja mwenyewe. Niachieni."

 Mzee akavua koti, akaomba jembe.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, Eveline na Dastan, wajukuu watatu na kaka mmoja. Mungu amjalie pumziko la amani hapa alipochagua mwenyewe.