Nilivyofundishwa Kuchechemea

Mwaka ule sukari ilipotea Bujumbura, chai tukainywa na kipande cha ndizi mbivu shavuni, na ndagala, dagaa zetu za ziwani, tukazinusa kwa jirani tu. Ndio mwaka nilioanguka mtaroni hapa Buyenzi nikaumia goti. Wamama wenzangu, na nyinyi vijana mliojibana mlangoni mkidhani siwaoni, sikilizeni. Ninayemsema ameniruhusu. Simtaji jina, msianze kugeuza shingo.

Ni mjukuu wangu niliyemlea, kijana wa miaka ishirini na tatu, anachomelea milango ya chuma. Daktari alinipa vidonge vikali vya maumivu. Mi shule niliichungulia dirishani, basi boksi nikampa yeye: "We ndiye msomi, nipimie." Akanipa kimoja, akameza viwili, mi sijui. Wenzake walimwambia vinaondoa uchovu.

Goti likapona. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

"Bibi, goti linauma?"

"Apana, limepona."

"Linauma, Bibi, unajikaza tu. Twende kwa daktari."

Ndugu zangu, nawaambia, kichwa kilinivimba! Wajukuu wa wengine hata salamu hawatoi, wangu anauliza goti mara tatu kwa siku! Mtaa mzima ulisikia. Akanifundisha na kuchechemea: "Polepole, Bibi. Shika ukuta. Guna kidogo." Niliguna mpaka mgonjwa wa kweli akanipisha kwenye foleni, na kila boksi jipya nikamkabidhi mjukuu.

Mara ya nne daktari akasimamisha kalamu. "Mama, mwezi uliopita lilikuwa goti la kulia. Leo unachechemea la kushoto."

"Yanapokezana," nikamjibu. Na dawa akaniandikia! Msicheke sana, uongo ule ulikuwa wangu.

Siku moja mchana nikampelekea maharage kazini. Nikamkuta ameshika chuma kilichotoka motoni, mkono mtupu, ngozi inanuka, naye anatabasamu. "Bibi, umetia pilipili?"

"Mkono wako!"

Akautazama kama mkono wa jirani. Kiburi changu chote kiliishia pale. Nikajua vidonge vyangu vilikuwa vinaishia wapi, nikaona nitamzika.

Nikamkokota kwa daktari yuleyule, mbio. Daktari akaangalia miguu yangu. "Mama, umepona?"

"Mi nilipona zamani. Mgonjwa ni huyu." Nikamwaga yote.

Akafunga mkono, akasema vidonge visikatwe ghafla, vipunguzwe kidogo kidogo, yeye mwenyewe akimwangalia. Kijana alitetemeka, akatapika, akanitukana. Nikamrudishia matusi, mi nina mazoezi ya miaka mingi. Leo ni mwaka mzima hajavigusa.

Asante daktari, hukutufukuza. Asante bosi wake, ulimpa kupaka rangi mpaka mkono ukapona. Asante wamama mliokaa naye kwa zamu nikienda sokoni, ingawa sufuria zangu mlizimaliza. Neno langu ni hili: dawa uliyoandikiwa ni ya mwili wako peke yako. Na mtu akifurahia ugonjwa wako kuliko uzima wako, muulize kwa nini, usijisifu kama mi.

Lakini siku ngumu kuliko zote ilikuwa wiki ya tatu ya kupunguza. Mvua ilinyesha siku mbili, goti likarudi kuuma, safari hii kweli. Akaja akiwa analia. "Bibi, mara ya mwisho. Twende ukachechemee."

"Apana. Goti ni langu, na leo haliumi."

"Bibi, nakufa. Hunipendi?"

Goti lilikuwa linawaka kama mkaa. Nikasimama wima, bila kushika ukuta.

"Apana. Goti ni langu, na leo haliumi."