Mkono Unaojirudisha

Kwenye basi, mbele yangu, dada mmoja msusi alimweleza jirani wa kiti asiyemjua kwamba anakwenda kumchagulia baba yake mashine ya santuri, moja kati ya mbili zilizotumika: ya kwanza mkono wake wa sindano hujirudisha wenyewe upande wa santuri ukiisha, ya pili huuinua mtu. Jirani alikuwa fundi redio. Alijitambulisha kabla ya kuulizwa.

"Spika zenu aina gani?"

Msusi akataja. Fundi akavua kofia kwa heshima ya spika hizo.

"Basi chukua ile ya kuinua mkono mwenyewe, dada. Hiyo inayojirudisha ina makorokoro mengi ndani, itazitia spika hizo aibu."

"Mzee husinzia kabla upande haujaisha, kaka. Sindano inabaki ikikwaruza."

"Si upo? Inuka uiondoe."

"Nikiinuka anaamka."

"Akiamka?"

"Ananiganda kwa hadithi zilezile mpaka chai inapoa." Hata mimi nilisikia kwamba hakuwa akilalamika.

Fundi akairudisha kofia kichwani. "Mzee wangu alikuwa hivyohivyo," akasema. "Chukua ya kuinua mwenyewe, aamke."

Basi likasimama. Msusi akashuka, na fundi, aliyekata tiketi ya kituo cha mwisho, akamfuata akisema mashine hainunuliwi bila kusikilizwa.