Kadi ya Fabian Isiyo na Tarehe

Mheshimiwa mwakilishi wa ubalozi, Mchungaji, Mwenyekiti wetu Bi. Mumbua, ndugu wageni waalikwa mliotoka mtaa wa Najma na kwingineko, nawe Fabian, ambaye Jumatatu unarudi Molo kulima viazi: nawasalimu nyote.

Mwenyekiti ameniomba nimuage Fabian na nimpe tarehe. Kwa wageni wasioijua desturi yetu, kila mwanachama wa chama chetu hiki cha watu wa nyumbani walioko Doha anayerudi kulima hupewa kadi, na ndani yake mimi huandika kwa mkono wangu siku ya kupanda. Nilifundisha sarufi miaka ishirini na miwili kabla ya kuja Doha kulinda lango la shamba la mboga, na watu wakaona kwamba mtu asiyekosea sentensi hawezi kukosea mvua. Nami, nakiri, niliona hivyo hivyo.

Wengi wenu mnaijua baridi ya hapa kama msimu wa kuvaa koti. Kwa mkulima wa hapa, baridi ndiyo masika yake. Joto likipungua mwezi wa Oktoba, miche hutolewa kitaluni, na kufikia Januari nyanya huwa zinachumwa. Hayo nilifundishwa na Fabian, pale langoni, akiwa na matope hadi magotini. Kwao Molo, Januari hiyo hiyo huleta usiku mkavu wenye sakitu, ule umande unaoganda kuwa barafu, nayo hubabua majani ya viazi hadi yawe meusi. Hilo angalau nililielewa.

Mwaka huu silielewi hata hilo. Joto lilikataa kuondoka hadi Desemba, na maua ya nyanya yakapukutika. Kisha, alasiri moja ya Januari, ikanyesha mvua ambayo hakuna aliyeitarajia, matuta yakageuka mabwawa. Mudir, msimamizi wetu wa shamba, alisimama katikati ya maji, viatu mkononi, akauliza kwa neno lao la majira ya baridi, "Fabian, hii ni shita au ni nini?"

Fabian akamjibu, "Mudir, mimi ni mtu wa Molo. Niulize ya Molo."

Juma hilo hilo mkewe, Jebet, akapiga simu kuuliza ya Molo. Sakitu haijafika, mvua inanyesha isivyo kawaida, baadhi ya majirani wamepanda na wengine wanawacheka. Mbegu za ekari tatu ziko ghalani, zimechipua. Akizipanda sasa, na ikiwa sakitu imechelewa tu, itazimaliza shambani. Akingoja mvua za Machi, mbegu zitanywea ghalani. Fabian ameinama juu ya nyanya za watu miaka tisa kwa ajili ya ekari hizo tatu. Akaja langoni. "Mwalimu, nimwambie nini?" Nikamwambia, "Ngoja." Msidhani ulikuwa ushauri. Nilikuwa natafuta namna ya kuficha kwamba sijui.

Mike, keti. Nimekusikia ukisema, "Mwalimu, toa tarehe tukale." Wali hautakimbia.

Kabla ya tarehe, lipo jambo lingine. Mwaka jana nilimpa mwenzetu Nasimiyu tarehe ya kumpelekea mama yake, kule Kiminini: Machi ishirini. Mama alichota udongo, akasema kwamba chini bado ni kukavu. Nasimiyu akamjibu kwa simu, "Mama, panda tu. Mwalimu hakosei." Wakapanda ekari mbili. Mvua ikanyesha siku tatu, ikakatika majuma matano. Ijumaa moja, baada ya ibada pale kanisani Mesaimeer, Nasimiyu alinifuata akaniambia, "Mwalimu, mahindi yamekuwa fagio." Nami nikamuuliza kama walipanda kwa mistari iliyonyooka.

Hilo ndilo jibu nililompa, ndugu zangu.

Nasimiyu, nakuona pale karibu na mlango. Nilikosea. Mama yako alikuwa sahihi, na naomba umfikishie maneno hayo bila kupunguza hata moja.

Je, tarehe zangu zilikuwa sahihi zamani, na majira ndiyo yaliyoharibika? Au zilikuwa bahati tangu mwanzo, nasi tukaziita elimu? Nimelifikiria swali hili zamu baada ya zamu, nikitazama matuta yaliyojaa maji, na kila nilipodhani nimepata jibu, siku iliyofuata ilikuja na jua lake au upepo wake, jibu likavurugika. Naomba mnisamehe. Sikuzoea kusimama mbele ya watu nikiwa na swali tu.

Jana nilimwomba Fabian ampigie Jebet mbele yangu, nikamuuliza jambo ambalo kwa miaka kumi na mmoja sikumuuliza mtu yeyote aliyeko shambani. "Binti yangu, wewe unaona nini huko?"

Akacheka. "Mwalimu, leo ndio mnauliza?"

Kisha akaeleza kwa nusu saa. "Nimechimba hadi kiwiko, unyevu bado upo. Lakini jana usiku mbingu ilikuwa wazi kabisa, nyota tupu, na hiyo naiogopa."

"Basi utapanda lini?"

"Sijui, Mwalimu. Labda nipande nusu, nusu ibaki, nione."

Alisema hajui, ndugu zangu, na sauti yake haikutetereka. Mimi neno hilo limenigharimu usingizi.

Fabian, njoo uipokee kadi yako. Ifungue, wasomee. Nafasi ya tarehe ni tupu. Chini yake nimeandika: "Itajazwa na Jebet." Ukifika Molo, mpe kadi na kalamu. Ukimwona anasita, usimharakishe, na usithubutu kumharakisha kwa jina langu. Viazi vikiota, tupigie simu. Visipoota, tupigie vilevile, nami nitaipokea mwenyewe.

Mheshimiwa, Mchungaji, Mwenyekiti, nawashukuru kwa nafasi hii, na nyote kwa kunisikiliza mimi niliyekuja mikono mitupu. Mike, sasa unaweza kwenda kula.