Bi Futi na Mfereji wa Shubiri Moja

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti mkae. Kama kiti chako kinayumba, usiilaumu redio, mlaumu aliyekitengeneza. Na kama kimetulia kimya, huenda kilitoka mikononi mwa mama tunayemkumbuka asubuhi hii.

Jumanne iliyopita alifariki fundi seremala tuliyemwita Bi Futi. Alikuwa na miaka tisini na minne. Amefia kitandani kwake, kitanda alichokitengeneza mwenyewe, na mdogo wake anaapa kwamba katika miaka yote hiyo kitanda hicho hakijawahi kulia hata mara moja. Fundi seremala. Mwanamke. Miaka tisini na minne. Narudia kwa sababu najua wazee wenzangu mnasikiliza kwa sikio moja, la pili mmelitega kwa majirani.

Jina hilo alilipata kutokana na futi ya mbao ya kukunja, ambayo haikukosa kwenye mfuko wa aproni yake. Alipima kila kitu. Alipima mkate kabla ya kuukata. Hata mumewe alipokuja kuposa, wanasema, alimtazama mabega, akautazama mlango, akasema, "Atapita." Wakaoana.

Mumewe ndiye aliyekuwa seremala. Vita vilipoanza, akachukuliwa. Hakurudi. Karakana ikabaki na meza ya kazi, randa mbili, misumeno mitatu, na mjane wa miaka ishirini na miwili ambaye kazi yake ilikuwa kufagia maranda. Watu wakaja kumpa pole, halafu wakauliza bei ya misumeno. Akawajibu, "Haiuzwi. Inafanya kazi kesho."

Akafundishwa na nani? Na viti. Alichukua kiti alichotengeneza mumewe, akakifungua kipande kimoja kimoja, akakiunga tena. Mara ya kwanza kilisimama kama mlevi. Mara ya saba kilisimama wima.

Aliishi na mdogo wake wa kike, yatima mwenzake. Vita vilipoanza mdogo mtu alikuwa na miaka kumi. Vilipokwisha alikuwa na kumi na minne, na miguu mirefu kiasi kwamba mtaa mzima ulimwita Mlingoti. Miaka yote minne alikuwa anabeba mbao begani. Shule hakuijua. Ile moja iliyokuwapo ilikuwa imegeuzwa ghala la jeshi, na hata kabla ya hapo ilikuwa ya watoto wa wakubwa. Watoto wetu sisi waliipita kwa nje, wakihesabu madirisha.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo habari inapoanza. Vita vimekwisha. Serikali ikatoa sheria mpya: shule kwa watoto wote. Wa wakubwa, wa wapagazi, wa wajane, wote. Watu walilia mabarabarani. Shule ikahitaji madawati arobaini, na mafundi wanaume walikuwa bado hawajarudi. Ofisi ya elimu, kwa kukosa namna, ikampa kazi Bi Futi. Akapewa mchoro. Kusoma hakujua, ila namba alizijua, kwa kuwa zilikuwa kwenye futi. Alizijua mpaka thelathini na sita. Baada ya hapo alianza upya.

Dawati na benchi lake vimeungana. Kimo cha meza kutoka sakafuni, inchi ishirini na mbili. Akatengeneza yote arobaini, sawasawa kama meno ya msumeno.

Siku ya kuyapeleka, mwalimu wa pekee wa shule ile alikuwa akisoma waraka mbele ya wazazi. Alikuwa kijana mpole, miwani yake ina ufa kwenye kioo kimoja, kwa hiyo alisoma ameinamisha kichwa upande kama kuku. Waraka ulisema hivi: vyeti vingi vya kuzaliwa vimeungua vitani, umri wa watoto haujulikani, kwa hiyo mtoto atapimwa kwa dawati. Atakayeenea, aandikishwe. Asiyeenea, amepita umri wa shule, apelekwe kazini.

Wazazi wakaanza kuwakalisha watoto. Wadogo wakaingia kama mikate kwenye tanuri. Kisha ikafika zamu ya Mlingoti.

Mwenyewe ananiambia, na leo ni bibi wa miaka themanini na miwili: "Nilikaa. Nikasogeza magoti. Dawati zima likanyanyuka likanipanda mapajani. Watoto wakacheka mpaka mmoja akajikojolea. Nilimtazama dada. Dada hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama dawati."

Lazima alitazame! Alikuwa amelitengeneza yeye. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyotengeneza kipimo cha kumfungia nje mdogo wake. Watoto wanane hawakuenea siku ile. Wanane. Wote wakubwa, wote walikuwa wamefanya kazi miaka ya vita huku shule imefungwa. Kiwanda cha nyuzi kilikwisha kutuma karani wake, amesimama mlangoni na karatasi, anaandika majina ya walioshindwa. Jina la Mlingoti liliandikwa la tatu. Mkaguzi wa shule angekuja baada ya wiki mbili kuthibitisha madawati na orodha, na kiwanda kingechukua watu wake siku hiyohiyo.

Bi Futi akamwendea mwalimu. "Mwalimu, nikiyarefusha miguu?"

"Mkaguzi ana futi yake, dada. Inchi ishirini na mbili. Ikizidi moja, anayakataa yote arobaini."

"Waraka umetaja nini kingine zaidi ya dawati?"

Mwalimu akainamisha kichwa, akasoma tena mstari kwa mstari. "Dawati tu."

"Sakafu je?"

"Sakafu haikutajwa."

"Basi," akasema Bi Futi, "nyamaza hivyohivyo."

Sakafu ya darasa, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa imevunjwavunjwa na masanduku ya jeshi, na mwashi aliyekuwa akiimwaga upya alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mtu wa maneno mengi na saruji kidogo. Bi Futi akamkuta anachanganya zege.

"Shemeji, nataka mfereji sakafuni, kando ya ukuta wa nyuma, chini ya safu ya mwisho. Kina chake shubiri moja."

"Mfereji wa maji?"

"Wa miguu."

Shemeji mtu akaweka mwiko chini. "Shemeji, tangu kaka aondoke nilijua kichwa kitakuchezea, lakini nilidhani kitaanza na kupika."

"Umewahi kula kwangu ukabakiza? Chimba."

Akamchorea kwa chaki. Nafasi moja moja, kila moja imepimwa kwa goti la mtoto wake. Shemeji akahesabu, akahesabu tena. "Watoto si wanane?"

"Wanane."

"Umechora tisa."

"Wewe hulipwi kwa kuhesabu. Chimba."

Akachimba. Madawati ya safu ya nyuma Bi Futi akayakaza kwenye ukuta kwa skrubu, na mbele ya kila dawati akapigilia ubao, ili anayesimama mbele ya darasa asione kinachoendelea chini. Meza ikabaki inchi ishirini na mbili. Benchi likabaki lilivyo. Kilichoshuka ni miguu. Mlingoti akakaa, akateremsha nyayo shimoni, magoti yakaingia bila kugusa kitu. Akakaa wima kama mshumaa.

Wale wengine saba nao wakaenea. Mmoja wao alikuwa na mdomo mrefu kuliko miguu. Huyo simtaji, leo yuko kazini, anatangaza.

Mkaguzi akaja. Mrefu, ameinama kuingia mlangoni, viatu vinang'aa. Karani wa kiwanda nyuma yake na karatasi yake. Bi Futi alikuwapo pia, bisibisi mkononi, anajifanya anakaza skrubu iliyokwisha kazwa tangu juzi. Mwalimu alikuwa anatoka jasho mpaka miwani inateleza. Yeye alikuwa na la kupoteza: akifukuzwa, shule haina mwingine.

Mkaguzi akapima dawati la kwanza. Inchi ishirini na mbili. Akapima la kumi. Ishirini na mbili. Akafika nyuma, akamwona Mlingoti, kichwa chake kinakaribia dirisha.

"Huyu naye?"

"Anaenea, Bwana," akasema mwalimu, kwa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta.

Mkaguzi akapima dawati la Mlingoti. Ishirini na mbili. Akapima tena. Akaipima futi yenyewe kwa macho. "Binti, hebu toka." Mlingoti akatoka. Na mkaguzi, ambaye hakuna aliyemtuma, akaketi yeye.

Miguu yake ikashuka. Magoti yakaingia. Akatulia pale, mtu mzima, na uso wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Bi Futi akageuka.

"Mwalimu," akasema, "lete daftari la mahudhurio. Bwana ameenea."

Watoto wakacheka, halafu wakaona mkaguzi hacheki, wakafunga midomo kwa viganja.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Unajua naweza kulifunga darasa hili leo?"

"Najua, Bwana. Simama ulifunge."

Akajaribu kusimama. Wasikilizaji wapendwa, kuingia aliingia, lakini kutoka ni habari nyingine. Mlingoti alikuwa mwembamba. Bwana mkubwa alikuwa na mapaja. Akavuta kushoto, akavuta kulia. Benchi limekazwa ukutani, halisogei. Karani wa kiwanda akaja kumvuta kwapa, wakabaki wanahema wote wawili.

Bi Futi akapiga goti kando yake na bisibisi. "Nitakufungua, Bwana, ukubali usikubali. Sikushikilii. Ila nikifungua skrubu hizi nne, nijibu jambo moja tu. Hawa watoto walipokuwa wadogo, shule hii nani aliwafungia? Wao?"

Akafungua skrubu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, mkaguzi akasema polepole, "Si wao."

"Walikuwa wapi?"

"Kazini, nadhani."

"Huyu alibeba mbao. Yule aliosha nguo za askari. Wewe unataka uwape adhabu ya kukua?"

Skrubu ya nne ikatoka. Mkaguzi akasimama, akajipangusa vumbi. Akatazama mfereji kwa muda mrefu. Akauliza, "Kina chake?"

"Shubiri moja."

"Shubiri ya nani?"

Bi Futi akainua mkono wake, wenye makovu ya patasi, akatandaza vidole.

Mkaguzi akaandika ripoti yake pale pale juu ya dawati, na mwalimu aliisoma kwa sauti: "Madawati yote yana vipimo vilivyoagizwa. Wanafunzi wote wanaenea." Hakuna uongo hata neno moja. Karani wa kiwanda akakunja karatasi yake, akaondoka na majina manane ya bure.

Msidhani Bi Futi alipewa maua. Mwaka uliofuata waraka mpya ukatoka: madawati ya kila shule yatengenezwe kwa saizi tatu, na aliyekosa shule kwa ajili ya vita asikataliwe kwa urefu wake. Waraka haukumtaja mtu. Na kazi ya kutengeneza hayo madawati mapya ikapewa mafundi wanaume waliorudi. Mtu wa ofisi alimwambia, "Asante mama, sasa pumzika." Akamjibu, "Nani kakuambia nimechoka?" Akarudi karakanani. Akafanya kazi miaka hamsini zaidi.

Lakini mmesahau jambo. Mimi sijasahau. Watoto wanane, nafasi tisa.

Jumatatu ile iliyofuata baada ya mkaguzi kuondoka, mwalimu alikuwa ndiyo kwanza ameshika chaki. Mlango ukafunguliwa. Bi Futi akaingia na aproni yake, maranda kwenye nywele.

"Karibu, dada," mwalimu akasema. "Kuna skrubu imelegea?"

"Hakuna."

Akapita katikati ya madawati, watoto wanamfuata kwa macho. Akafika safu ya nyuma, nafasi ya tisa, ile ya pembeni. Akaketi. Akateremsha miguu. Nafasi ilikuwa imekatwa kwa goti lake mwenyewe.

"Nimekuja kuandikishwa," akasema. "Waraka unasema atakayeenea. Tazama. Nimeenea."

Mlingoti anasema dada yake aliishika kalamu kama anavyoshika patasi. Alisoma asubuhi, akafanya kazi mchana, miaka minne. Akamaliza darasa la nne akiwa na miaka thelathini. Kuanzia hapo kila kiti kilichotoka kwake kina neno moja chini ya kikalio, limechongwa kwa patasi. Pindua chako utazame. Limeandikwa: Kaa.

Mlingoti alikuja kuwa mwalimu mkuu wa shule ileile. Walipotaka kuisawazisha sakafu, aliwaambia mafundi: nane jazeni, ya tisa acheni. Wakajaza nane.

Kwako Mlingoti, kwa watoto na wajukuu wa shemeji mtu, na kwa wote wa karakana ile, sisi wa redio tunawapa pole. Fundi wenu kapumzika sasa, bila kuambiwa na mtu wa ofisi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mkifika kazini, mezani, mlangoni, popote mnapowapima watu, mkikuta mtu haenei, msikimbilie kumrudisha nyumbani. Inameni kwanza mtazame sakafu. Huenda haikutajwa.

Mimi nilikwenda juzi, baada ya mazishi, nikaketi kwenye nafasi ya tisa. Bado naenea. Kutoka tu ndiko kulikohitaji watu wawili na bisibisi.