Sanga Mwambire na Kigango cha Baba Yetu

Maneno haya yametoka kinywani mwangu mimi Kahonzi, dada wa marehemu. Sikupelekwa shule, kwa hivyo mwanawe Emily ameyaandika, na ndiye anayewasomea.

Sanga Mwambire alizaliwa Dabaso tarehe 4 Agosti 1961, mtoto wa kwanza wa Mzee Mwambire na Mama Kadzo. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini hadi mwaka wa 1976. Mimi nilipofikia umri wa shule, nilibaki na mbuzi.

Alijifunza useremala Malindi, akawa fundi wa kutengeneza milango ya zamani ya mji wa kale. Mwenye nyumba mmoja alitaka kuung'oa mlango wa babu yake aweke geti la chuma. Sanga aliketi kizingitini, akakataa kuondoka.
"Fundi, mlango huu umeliwa na mchwa."
"Mchwa amekula robo. Wewe wataka kumaliza zilizobaki?"
Mwenye nyumba alicheka, akaenda kuleta chai. Mlango ule upo mpaka leo.

Mwaka wa 1988 alifunga ndoa na Jedida huko Kilifi, wakajenga Kibarani. Mungu aliwajalia Emily na Owen.

Kazi nyingine aliifanya bila ujira. Daraja la mbao la kupita kwenye mikoko hapa Dabaso, kila ubao uliooza alikuja kuubadilisha yeye. Na vigango, zile nguzo tunazowachongea wazee wetu waliofariki, alivizungukia mji kwa mji, boma kwa boma, akiandika kila kimoja ni cha nani, maana wezi walikuwa wakiving'oa na kuviuza kwa wageni. Mwaka wa 1998 alichaguliwa mwenyekiti wa kikundi cha kuvilinda. Alifundisha watu kwamba kigango kikishasimamishwa hakihamishwi, hata wenye mji wakihama. Watu walimsikiliza, na vingi vilipona kwa sababu yake.

Lakini mwaka wa 1997 kigango cha baba yetu kilikuwa kimetoweka. Siku moja kabla, mchuuzi alipita kwangu akaomba maji, nami nikampa. Ikasemwa nimemuuzia kigango cha baba. Mume wangu alinirudisha nyumbani kwetu, na tangu hapo kwenye arusi na matanga watu walihamisha mikoba yao nilipoketi.

Marehemu aliugua kisukari tangu 2019, kisha figo. Jedida alimuuguza bila kuchoka. Januari mwaka huu nilimtembelea hospitalini, akaniambia, "Kahonzi, kigango cha baba kiko karakana kwangu, nyuma ya mbao za mvule."
"Tangu lini, kaka?"
"Tangu mwaka ule. Niliogopa wezi, nikakificha. Nikasema nitakirudisha."
"Na mimi ukaniacha niitwe mwizi?"
"Kabla sijakirudisha nikachaguliwa mwenyekiti. Niliona haya."
Akaomba nimsamehe. Nikamwambia nitamsamehe watu wakishasikia.
Kisha akasema, "Basi siku ya kunizika useme wewe. Usinifiche."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, Jedida akiwa amemshika mkono. Jana wazee walikirudisha kigango kwenye shimo lake lile lile. Nyote mmekipita mkiingia.

Sijasema haya kumvunjia heshima. Milango na vigango alivyoviokoa ni vingi kuliko kile alichokificha, na mikono yake nilikuwa naipenda tangu aliponichongea mwiko wangu wa kwanza. Ameniomba niseme, nimesema. Nami nimemsamehe, kama nilivyoahidi.

Ameacha mjane, Jedida, watoto wawili, Emily na Owen, wajukuu watano, na dada mmoja, Kahonzi, ambaye hakuuza kitu.

Lala kwa amani, kaka, hapo ulipowekwa. Hakuna atakayekuhamisha.